Toleo Jipya la Mzee Idarusi

Mzee Idarusi hakutaka kusikia habari ya kusasisha programu. Ofisi yake ndogo ya utafiti wa minazi, pale Tanga mjini, ilikuwa na seva mbili alizonunua mwenyewe, maana vinasaba vya minazi ya pwani, alisema, havilali nyumba za watu. Humo mlikuwa na programu inayovichora vinasaba kwa mistari ya rangi, mtu akaviona kwa macho. Mara ya mwisho ilipobadilishwa, vitufe vilihama, na mzee alinuna mwezi mzima.

Sasa miche ya shamba lao la Tongoni ilikuwa imepimwa, na majibu yake programu ile kuukuu haikuweza kuyafungua. Jumatatu jioni wakulima wangefika huko kuichukua. Bila michoro, Rasha, mtunzaji wa seva, asingejua mche upi unahimili ugonjwa wa kukauka na upi utamfia mtu shambani.

"Mzee, turuhusu tuweke toleo jipya," Rasha akaomba.

"Mwanangu, mimi na programu hii tumezoeana. Mkiigusa mtanitafutia daktari."

Mzee alipotoka, Fanueli, mwenzake Rasha, akacheka. "Hakukataza. Kasema tumtafutie daktari. Shemeji yangu daktari."

"Astaghfirullah, Fanueli."

"Basi wagawie watu wa Tongoni kuni badala ya miche."

Neno hilo lilimchoma Rasha.

Ijumaa mzee akishakwenda kuswali harudi. Kuna pilau kwa dada yake, na baada ya pilau kuna usingizi. Rasha akaswali adhuhuri yake, akaomba msamaha mapema, kisha wakaanza. Wakanakili kila kitu kwenye seva ya akiba, wakaweka toleo jipya huko, wakalijaribu mpaka likatulia, ndipo wakahamisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kumvalisha bibi harusi nguo za bibi yake: Rasha akarudisha rangi zilezile na kila kitufe mahali pake.

Jumatatu mzee akaketi, akabonyeza, akatabasamu.

"Mnaona? Chombo hiki. Chepesi, kitiifu. Mnataka kukibadili cha nini?"

Fanueli akapaliwa na chai.

Mara mzee akasogeza miwani. "Ala! Mbona miche ya Tongoni hii hapa inafunguka? Si mliniambia haisomeki? Uvivu! Mwaniongopea mtu mzima!"

Kuitwa mvivu Rasha aliweza kumeza. Kuitwa mwongo hakukumezeka, lakini akatazama chini. Miche imeonekana, yatosha. Mzee akachukua simu, akampigia mtafiti mwenzake wa kituo cha Amani.

"Elizabeti? Nyie huko Amani mnataka kuweka toleo jipya? Wacheni! La kwetu la zamani linasoma kila kitu!"

Hapo Rasha akaona miche ya Amani nayo inageuka kuni.

"Mzee, shikamoo."

"Umeshaniamkia asubuhi."

"Nakuamkia tena. Hilo unalotumia ni jipya. Tumeliweka Ijumaa, wewe uko kwenye pilau."

Sauti ya Elizabeti ikasikika simuni, "Haloo? Haloo?" Mzee akaikodolea macho skrini kama mtu aliyeambiwa kuwa amekula nyoka, si samaki.

"Ndiyo maana!" akafoka. "Tangu asubuhi macho yananiuma! Na vitufe mmevihamisha!"

"Viko palepale, mzee."

"Vimehama kidogo!" Akairudia simu. "Elizabeti, wekeni hilo jipya. Mkikwama mwulizeni Rasha, ana kiburi lakini anajua. Nanyi mnaduwaa nini? Nendeni Tongoni mkaitenge miche, watu wasije wakabeba mibovu!"

Walikuwa shambani, miche mizima upande huu na mibovu ule, wakulima wakianza kufika, simu ya Rasha ilipolia.

"Rasha! Mmenificha kitu! Kuna mahali ukibonyeza, mchoro unakua mkubwa, unaona mpaka herufi za vinasaba. Haya ndiyo maendeleo. Programu ile ya zamani ilikuwa takataka!"

Kitufe hicho kilikuwapo tangu zamani. Mzee hakuwahi kukigusa. Rasha akamtazama Fanueli, akatafuta neno lisilo uongo.

"Hongera, mzee," akasema.