Kiraka Juu ya Mkono

Kazini walimwita Jicho, na jina hilo hakulipewa bure. Chini ya ardhi walikuwa na mashine kubwa kama jengo la ghorofa tano, na ndani yake chembe ndogo mno ziligonganishwa mchana kutwa na usiku kucha. Vipande vilivyoruka, kompyuta ilivisoma, na programu ikavichora kwenye skrini kama nyuzi za rangi zinazotawanyika kutoka kitovu kimoja. Wenzake, wasomi wenye haraka zao, walitazama nyuzi. Jicho alitazama mahali nyuzi zilipokatika.

Maana chembe ikipiga kitu kigumu huvunjika, na pale ilipovunjika programu huweka nukta. Nukta moja si lolote. Nukta milioni ni picha: bomba, skrubu, waya, kila kilichomo humo kinajichora chenyewe bila mtu kufungua mlango. Jicho aliweka mchoro wa mafundi kushoto, picha ya nukta kulia, akalinganisha mpaka chai ikapoa.

Jumatatu moja, upande wa kulia, kando ya bomba la katikati, akaona vidole vitano.

Alicheka, nani asingecheka? Akaikuza picha, akaigeuza, akabadili rangi. Vidole havikubanduka. Kicheko kikamkauka alipotambua kwamba ile ni glavu, na kwamba glavu haina kazi mle ndani. Kule hata kalamu huingia imefungwa kamba. Kila kinachoingia huandikwa daftarini, kikitoka huandikwa tena, na fundi hutia sahihi. Akafungua daftari la matengenezo ya mwisho. Glavu mbili zimeingia, mbili zimetoka. Sahihi ilikuwa ya mdogo wake.

Huyu mdogo wake, Jicho ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki kijana alikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo dada akawa mama. Sasa kijana alikuwa fundi wa mkataba wa muda, mwisho wa mwezi aajiriwe moja kwa moja, na nyumbani ana mtoto wa wiki tatu. Fundi anayesahau kitu ndani ya mashine ile na kudanganya daftari haonywi. Anatolewa, na lango lile halioni tena.

Basi Jicho akafanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingejua hata kulifanya. Vifaa vya mashine vikichoka hutoa alama za uongo, na programu inakuruhusu kulifunika eneo hilo lisionekane kwenye picha ya mtu yeyote. Wao walikiita kiraka. Akachora kiraka juu ya ile glavu, kwenye nafasi ya sababu akaandika "kelele", akabonyeza. Nani angemuuliza Jicho alichokiona? Damu nzito kuliko maji, alijiambia, na siku ile alikula chakula chake cha mchana vizuri tu.

Alhamisi wifi yake, mke wa mdogo wake, akapiga simu. Mume wake ameamka mkono wa kulia umekufa ganzi, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Daktari amemchoma sindano, mgonjwa hakushtuka, na vipimo vyote havina kasoro. Kikombe kinamponyoka. Hawezi kumpakata mtoto.

Jicho alimtuliza wifi, akasema ni uchovu. Hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Wiki ya pili ganzi ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Wiki ya tatu ikafika begani, na mkono ukawa wa baridi, baridi ya chuma. Hapo Jicho akafunga mlango wa ofisi yake, saa nne ya asubuhi, jua linawaka dirishani, akainua kiraka kwenye skrini yake peke yake. Kiraka huficha tu. Chini yake nukta zilikuwa zimeendelea kujipanga, siku baada ya siku.

Akazitazama wiki kwa wiki. Wiki ya kwanza, kiganja kimefunuka. Wiki ya pili, vidole vimekunjika kidogo. Ya tatu, vimelizunguka bomba na kulishika. Nywele zilimsimama, lakini aliendelea kukuza, maana ndiyo kazi yake. Glavu ya mpira ni tupu ndani. Hii ilikuwa na mifupa, na baada ya kifundo mifupa iliendelea, ikapita kiwiko, ikaelekea begani.

Akaenda kwa mdogo wake moja kwa moja. Alimkuta amekaa kitandani, mkewe anamfunga vifungo vya shati.

"Glavu ulitoa ngapi?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Moja, dada. Nyingine ilichomoka nikaisikia inaanguka. Niliitafuta. Muda ulikwisha, wananiita, nikaandika mbili."

"Ya mkono upi?"

Kijana aliutazama mkono wake wa kulia.

Jicho alilia njiani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wao walikuwa wameficha wawili. Alirudi akakitoa kiraka kwenye picha za watu wote, akaenda kwa mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyejua kupaza sauti, akamwambia yote isipokuwa yale ambayo hayaambiki. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Mashine ikazimwa. Wakangoja siku nne mionzi ipungue. Kisha mkuu akaamua kijana mwenyewe aingie, maana ni yeye tu aliyejua upenyo wa kufikia lile bomba, na akitoka akabidhi kitambulisho chake.

Aliingia akijivuta kwa mkono mmoja. Jicho alimsubiri nje ya mlango wa chuma, roho mkononi, dakika arobaini nzima.

Alitoka na mfuko wa plastiki, ndani yake glavu ya bluu iliyosinyaa. Mkuu akaipokea, akapokea na kitambulisho, akaondoka zake. Kijana hakuonekana kujali. Aliuinua mkono wa kulia, akavikunja vidole, akavikunjua, akamnyooshea dada yake. Jicho akaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kazi itapatikana nyingine, akasema, mkono je?

"Ile glavu ilikuwa tupu?" akamuuliza.

"Tupu, dada. Lakini nilipoishika, ilinishika."

Jicho akatabasamu. Vidole vya mdogo wake vilikuwa vimemkaza, na vilizidi kukaza, mpaka mifupa ya kiganja chake ikaanza kuuma.

"Basi, niachie."

Kijana alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, uso umempauka.

"Najaribu, dada," akasema. "Najaribu."