Oili Chini ya Gari la Mwalimu Gatakaa

Mnunuzi alifika Nkubu saa nne asubuhi akiwa amevaa viatu vyeupe, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Aliyemtuma ni Mutugi, kifungua mimba wa Mwalimu Gatakaa, anayefanya kazi benki Nairobi. "Mama, wewe mwonyeshe gari tu," alikuwa amesema kwa simu. "Mengine niachie."

Basi Mwalimu Gatakaa, mwenye miaka sabini na mitano na magoti yasiyopenda tena ngazi, akalivuta turubai. Gari likaonekana: dogo, la chini, la viti viwili, rangi ya majani ya chai. Alilinunua mwaka alipostaafu ualimu mkuu, kutoka kwa daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Watu walisema hadi wakachoka. Mama mzima, mwenye wajukuu, na gari la mashindano! Ni mumewe peke yake, Mbae, aliyecheka kwa furaha. Alijipenyeza kiti cha abiria, magoti yakakaribia kidevu, akasema, "Washa, twende tukasemwe vizuri."

Lakini maneno ya watu yana uzito. Gari likawa la Jumapili tu, kanisani na kurudi. Mbae alipofariki likafunikwa, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu aliliwasha dakika kumi, akalizima, akalifunika tena. Lilikuwa linakaribia miaka thelathini na halijafikisha kilomita elfu arobaini.

"Hili halijatembea kabisa!" mnunuzi alisema alipoona hesabu. Akaliwasha, akaliacha lingurume nusu saa huku akilizunguka na kupiga picha. Kisha akachutama kuchungulia chini. Oili ilikuwa imetengeneza dimbwi la ukubwa wa sahani, na tone moja likamdondokea kwenye kiatu.

"Aah! Shosho, hiki ni chuma cha kuuza kwa kilo."

"Shosho ni yule aliyemzaa mama yako," Mwalimu Gatakaa alimjibu. "Mimi ni Mwalimu. Na geti ni lile."

Mnunuzi alipoondoka, alibaki amesimama akiliangalia lile dimbwi. Hasira ilipopoa akagundua kwamba hakutaka kuliuza hata kidogo. Alikuwa amekubali kwa sababu mwanawe aliomba, na kwa sababu mtu akifika umri fulani watu hudhani kazi yake ni kukubali.

Alianzia kwa Mithika, fundi wa karibu na soko la Gakoromone. Mithika hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Alimimina ndani ya injini chupa ya dawa ya kuziba mivujo, kisha akachukua gundi ya silikoni na kupaka kila mahali palipokuwa na unyevu. "Imeisha hiyo," alisema.

Haikuisha. Mwalimu alitandika katoni chini ya gari, na baada ya wiki katoni ilikuwa imelowa kuliko mwanzo. Alimrudia.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," Mithika alisema. "Injini imezeeka. Tutoe hii tuweke nyingine."

"Imezeeka kwa safari gani? Ya kanisani?"

Mithika akakuna kichwa. "Sasa, kuna mtu mmoja Embu. Haya magari ya zamani ya spoti anayajua vizuri sana. Anaitwa Kivuti. Ni mtu wa upande wa Runyenjes, ana kovu la moto mkono wa kushoto."

Mwalimu Gatakaa alitafuta mahali pa kukaa, akapata tairi kuukuu. Lile kovu alilijua.

Mwaka wa tisini na nne alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari huko Runyenjes. Jumapili moja, shule nzima ikiwa kwenye ibada, jenereta ya shule ilikutwa imefunguliwa, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia, na katikati yake amekaa Kivuti wa kidato cha tatu, mikono myeusi tii. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu. Mwalimu mkuu hakumuuliza neno. "Anayefungua kilichofungwa na wenzake hana nafasi hapa," alisema, na kabla ya chakula cha mchana barua ya kumfukuza ilikuwa imeshaandikwa.

Hayo watu waliyajua. Wasilolijua ni kwamba fundi aliyeitwa kuiunganisha jenereta alikuta kazi imebaki kidogo tu. Tangu siku hiyo sakafu ya kibanda cha jenereta, iliyokuwa inalowa oili kila wiki, ilikaa kavu. Mwalimu Gatakaa aliona, akaelewa, akanyamaza. Aliogopa kwamba mwalimu mkuu akirudisha neno lake, kesho hatasikika.

Siku tatu alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ya nne akanunua galoni la oili, akafunga kitambaa kichwani, akashika barabara ya Embu. Alishuka kona za Nithi polepole, malori yakimpigia honi nyuma. Alisimama Chuka, akapima oili na kuongeza. Akasimama tena Runyenjes, akaongeza. Vijana wa bodaboda walimzunguka kuliangalia gari, na mmoja akamshikia boneti ili asiumie mgongo.

Gereji ya Kivuti ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Kiritiri. Mwanamume mwenye mvi kwenye ndevu alitoka chini ya pikapu, akapangusa mikono, akatazama gari, halafu akamtazama dereva.

"Karibu, Mwalimu," alisema.

"Asante, Kivuti. Umenikumbuka."

"Hilo halisahauliki." Hakutabasamu. "Gari lina shida gani?"

Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Nkubu yakamtoroka yote. "Linavuja oili," alisema tu.

Kivuti alifungua boneti. Aliacha injini ikinguruma, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Kisha akamwita. "Weka mkono hapa."

Hewa ya moto ilimsukuma kiganja kwa nguvu.

"Injini hupumua," Kivuti alisema. "Kuna kavali kadogo ka kutolea hiyo hewa. Haka hapa, kamejaa uchafu, kameziba kabisa. Hewa ikikosa mlango inasukuma oili ipite popote palipo dhaifu. Mtu akiziba hapa, inatokea pale. Ulikuwa unaliwasha bila kulitembeza?"

"Kila mwezi. Dakika kumi."

"Hapo ndipo lilipoharibikia. Halipati moto wa kutosha, unyevu unabaki ndani, unageuka kuwa tope. Na sili, zile pete za mpira za kuzuia oili, hukauka gari likikaa. Watu wanafikiri kilomita chache ni afya." Akachomoa uzi wa silikoni uliokauka pembeni ya injini, akauangalia kwa huzuni. "Na huyu aliyepaka hii, Mungu amsamehe."

Alibadilisha ile vali kwanza. Kisha akaosha injini yote kwa mafuta ya taa na sabuni, akaikausha kwa upepo wa kompresa, na akafanya jambo ambalo Mwalimu hakulitarajia: alitoa mkebe wa poda ya watoto na kuinyunyizia injini hadi ikawa nyeupe kama mandazi yenye unga.

"Sasa twende kilomita ishirini," alisema. "Oili ikitoka, itaandika yenyewe kwenye poda mahali inapotokea. Endesha wewe. Mimi nisikilize."

Walishuka kuelekea Kiritiri, kwenye joto la nyanda za chini, kati ya mashamba ya ndengu na mbuzi waliokuwa wakivuka wanavyotaka. Gari la viti viwili halina mahali pa kuficha uso. Walikaa bega kwa bega, na Mwalimu Gatakaa akashukuru kwamba macho yake yalipaswa kuwa barabarani.

"Ile jenereta," alisema. "Ulikuwa unaitengeneza."

Walipovuka daraja Kivuti akajibu. "Sili ya mbele ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimekata nyingine kutoka kwenye ndara zangu za mpira. Nilitaka mkitoka kanisani mkute imepona."

"Nilijua. Si siku ile. Wiki iliyofuata nilijua, na sikukuita urudi. Nimekuja na shida ya gari, ndiyo, lakini hata gari lingekuwa zima nilipaswa kuja. Nilikukosea, Kivuti. Naomba unisamehe."

"Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili nikasome." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Mwalimu, nilikuchukia miaka mingi sana. Halafu nikapata kazi, nikapata bibi, watoto, nikaona chuki inanichelewesha. Sikukusamehe, niliacha tu. Sijui kama ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja," alisema Mwalimu.

"Basi nipe muda kidogo. Geuza hapo kwenye duka."

Poda ilikuwa imeandika. Kulikuwa na mstari mweusi juu, ukingoni mwa kifuniko cha vali za injini, na mwingine mbele, penye sili ya mhimili wa kamshafti. Nyuma kabisa, injini inapokutana na giaboksi, kulikuwa na alama ndogo ya jasho. Kivuti aliieleza kila moja kama daktari anayeheshimu mgonjwa. Ya juu na ya mbele angezitengeneza sasa. Alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alikuta vipande vya silikoni ya Mithika vimeanza kukusanyika kwenye chujio la oili. "Ungeenda nalo mwezi mmoja hivi," alisema, "lingekosa oili na kufa njiani. Umekuja wakati mzuri."

Kazi ilichukua siku mbili. Mwalimu alilala kwa mpwa wake mjini, na mchana alikaa kwenye benchi la gereji akishika tochi alipoambiwa ashike na kunyamaza alipoambiwa anyamaze, jambo ambalo hakulizoea.

Siku ya pili, Kivuti akikaza nati ya mwisho, alizungumza bila kumtazama. "Chuo cha ufundi cha hapa kinatafuta mwalimu wa magari. Wameniita mara tatu. Mkuu wao anasema hakuna anayenishinda kazi. Lakini hawawezi kuniandika bila cheti cha kidato cha nne."

"Kwa nini usifanye mtihani? Watu wazima hufanya."

"Nimejaribu kusoma. Mengine naweza, kuna darasa la watu wazima pale mjini. Hisabati ndiyo inanishinda." Akapangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi. "Wewe ulikuwa unafundisha hisabati."

Mwalimu Gatakaa aliizima tochi. "Jumamosi, saa tatu," alisema. "Na sipendi mwanafunzi anayechelewa."

"Darasa ni hapa kwangu, Mwalimu. Wewe ndiye usichelewe." Na hapo, kwa mara ya kwanza, Kivuti akacheka. "Tena itakusaidia. Hili gari linataka safari ndefu, lipate moto vizuri. Ile alama ya nyuma bado italia tone moja moja. Kuifikia lazima giaboksi ishuke. Tutaishusha Desemba. Wewe pima oili kila wiki, usiogope."

Mutugi alipiga simu kuuliza habari za mnunuzi mwingine. "Gari haliuzwi," mama yake alisema. "Nina kazi nalo."

"Kazi gani, Mama?"

"Ya ualimu."

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi gari lile la kijani lilishuka kutoka Nkubu, paa likiwa wazi siku ambazo mvua haikuwepo. Wamama wa kanisa walisema. Halafu mmoja akaomba lifti hadi Chuka, na juma lililofuata wakawa wawili wanaogombania kile kiti kimoja. Huko gerejini vipuri vilisogezwa pembeni, ubao ukatundikwa ukutani, na Kivuti akapambana na milinganyo jinsi alivyopambana na nati zilizoshika kutu, kwa subira na matusi madogo ya Kiembu. Siku nyingine alikata tamaa. Siku moja alitupa kalamu, akaingia chini ya gari la mteja na kugoma kutoka. Mwalimu alimsomea swali kwa sauti hadi akatoka.

Novemba ilipofika, Mwalimu Gatakaa alimngoja nje ya kituo cha mtihani, ameegemea gari. Kivuti alitoka kati ya watoto wa miaka kumi na minane, koti lake la Jumapili likimbana mabegani.

"Vipi?"

"Kuna swali moja la tangi la maji linalojaa na kuvuja. Ngoja nikuandikie." Alitoa risiti ya vipuri mfukoni, akaitandaza juu ya boneti, akaliandika swali lote kutoka kichwani. "Mimi nimepata saa sita."

Mwalimu alivaa miwani, akachukua kalamu, akapiga hesabu haraka. "Saa mbili," alisema. "Hapa ulipaswa kujumlisha."

"Hapana, Mwalimu. Angalia. Bomba la chini linatoa, haliingizi."

Aliangalia. Akarudia hesabu mstari kwa mstari huku wanafunzi wakianza kuwazunguka, wengine kwa ajili ya gari na wengine kwa ajili ya swali, maana nao walikuwa wamelifanya. Kisha akakata jibu lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Ni saa sita," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mimi ndiye niliyekosea. Yeye yuko sawa."

Nyuma ya kundi msichana mmoja mwenye jibu hilohilo akapiga kelele za furaha, na Kivuti akainama ghafla kutazama chini ya gari, kama mtu anayetafuta mvujo mwingine ambao haukuwepo.