Kielelezo Chenye Pembe

Wakili wa Serikali Novatus alikuwa akipuliza chai ofisini kwake Bariadi, kompyuta ikijivuta kuwaka, ng'ombe alipoingia. Alikuwa jike la rangi ya majivu, pembe moja imepinda. Aliwapita watu waliokaa kwenye benchi, akasimama kando ya kabati la majalada. Novatus alimtambua mara moja. Ndiye aliyekuwa kielelezo katika kesi ya wizi wa mifugo iliyompeleka Jilala wa Nkoma gerezani. Alichinjwa kabla kesi haijaisha, kwa amri ya mahakama, kwa kuwa alikuwa akiumwa, na nyama ikauzwa.

"Naona kielelezo kimerudi," alisema Veronica, wakili mfawidhi, akiwa mlangoni. "Kisogezwe, kinaziba feni."

Kilichomtoa Novatus jasho ni sikio. Mlalamikaji, Constantine, aliapa kwamba ng'ombe wake alikuwa na masikio mazima. Jilala alisema huyo ni wake, amezaliwa zizini kwake, na sikio la kulia limekatwa mara mbili kama ng'ombe wote wa ukoo wao. Lakini zamu yake ya kujitetea ilipofika ng'ombe alikuwa ameshaliwa, na upande wa mashtaka haukuwa umejisumbua kwenda kumwangalia. Sasa sikio lilikuwa pale, likifukuza nzi, limekatwa mara mbili.

Jilala alikuwa ameiomba Mahakama Kuu imruhusu kukata rufaa nje ya muda. Nakala ya hukumu ilimfikia gerezani siku za rufaa zimeshapita. Siku ile Serikali ilitakiwa kujibu, na wakili wa Serikali halazimiki kupinga. Akiona ombi lina haki, kazi yake ni kusimama na kuliunga mkono.

"Nataka kuliunga mkono," Novatus alimwambia Veronica.

"Kwa ajili ya ng'ombe?"

"Kwa ajili ya sikio. Na nakala ilichelewa kweli, mimi najua."

Veronica hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechoka kuitwa Dodoma kujieleza. "Robo hii ya mwaka mkoa wetu umeshaachia kesi nyingi mno," alisema. "Sikio ni hoja ya rufaa, na rufaa haipo. Leo tunajibu kuhusu kuchelewa tu. Ameleta kiapo cha ofisa magereza kuthibitisha kwamba nakala ilichelewa?"

"Hana."

"Basi pinga."

Novatus aliandaa hoja za kupinga huku ng'ombe akimpumulia shingoni. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Tusizunguke: aliogopa.

Mahakamani, ng'ombe akimfuata nyuma, alimkuta Kwandu, mke wa Jilala, kwenye benchi la mbele.

"Mwangaluka, baba wakili," Kwandu alimwamkia kwa Kisukuma. "Umemwona mwenyewe. Leo si utasema?"

Novatus aliitikia salamu, akajishughulisha na jalada.

Jaji alimruhusu ng'ombe asimame karibu na kizimba, mradi asivuruge utulivu, kisha akauliza Serikali inasemaje. Ng'ombe aligeuza kichwa na sikio la kulia likawaelekea wote. Jilala alimtazama Novatus usoni bila kupepesa, na Novatus akatazama karatasi.

"Mheshimiwa Jaji, tunapinga. Mwombaji hana kiapo cha ofisa magereza. Sababu ya kuchelewa kwake haijathibitishwa."

Ombi likatupwa. Askari walikuwa wanamtoa Jilala pale Constantine aliponyoosha mkono nyuma ya ukumbi, akakumbusha kwamba hukumu iliamuru arudishiwe ng'ombe wake, japo siku ile alikuwa ameshaliwa. Jaji alifungua kumbukumbu, akakuta ni kweli.

"Hukumu ya awali bado iko palepale," alisema. "Ng'ombe akabidhiwe mlalamikaji. Serikali isimamie."

Mlangoni ng'ombe aligoma. Constantine alivuta kamba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ng'ombe hakusogea. Alikuwa akimtazama Kwandu, naye Kwandu alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kifuani, machozi yakimtiririka.

"Wakili, nisaidie basi," alisema Constantine. "Si umesikia amri?"

Novatus alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ngazi. Kisha akazunguka nyuma ya ng'ombe, akaanza kusukuma.

"Samahani, mayu," alimwambia Kwandu.

Kwandu akasogea pembeni, akawapisha.