Ibara ya Kusimama

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mama mkwe wa katibu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, goti la kulia limefungwa bendeji, na hakuwa na haraka ya kuingia.

"Humo ndani hakuna pa kukaa," alisema. "Hapa angalau nina ngazi na jua."

Kweli, ndani hapakuwa na benchi hata moja. Waumini walisimama ibada nzima, saa mbili na ushee, na ibara ya saba ya imani yao ilieleza sababu: mbele za Mungu mwanadamu hakai. Mchungaji alitaka kijitabu cha imani kifike kwa mchapaji kabla ya saa sita. Ibara hiyo ikishachapwa, bibi huyo, wa mwisho aliyebaki kati ya waanzilishi tisa, angekuwa muumini wa nyumbani, wa kusali peke yake. Jumapili tatu mfululizo magoti yalikuwa yamemkatalia.

Katibu, mwalimu wa hesabu aliyeamini karatasi kuliko machozi, alikuwa akitafuta aya ya Biblia ya kuweka chini ya kila ibara. Sita zilipata zao. Ya saba iligoma. Akafungua daftari la kumbukumbu za mwaka wa kwanza.

Ukurasa wa nne: "Tumetoka kanisa la zamani kwa sababu tulilazimishwa yasiyoandikwa. Kwetu, yasiyo katika Maandiko hayamfungi mtu." Hiyo ndiyo ibara ya kwanza, neno kwa neno.

Ukurasa wa tano: "Fundi seremala ameghairi kutufuata, na mabenchi amebaki nayo. Tusimame mpaka apatikane mwingine."

Akatoka na daftari mkononi.

"Mama, ulijua?"

"Nilikuwepo. Seremala mwenyewe kaka yangu."

"Ukanyamaza miaka arobaini na mmoja?"

"Nilikwenda kwetu kumzaa mumeo. Kurudi baada ya miezi mitatu, nakuta kusimama kumeshahubiriwa, watu wanalia. Ningeanzia wapi, mwanangu? Na magoti wakati huo yalikuwa mazima."

Mchungaji, mtu mrefu anayepiga pasi hata soksi, alizisoma kurasa zote mbili, akarudia.

"Dada katibu, watu wamezoea."

"Mazoea yana aya gani, mchungaji?"

Alipekua Biblia yake dakika kumi na tisa. Katibu alikuwa akitazama saa. Waliosimama mchungaji aliwaona wengi humo. Aliyekatazwa kukaa hakumwona. Akaomba kalamu.

"Na yule kaka yangu," mama mkwe alisema kutoka ngazini, "mabenchi yake yalikuwa yanayumba. Msije mkadhani tulipoteza kitu."

Saa tano na nusu kijitabu kilimfikia mchapaji kikiwa na ibara sita. Jumapili, saa nne kasoro dakika tano, kiti cha plastiki kutoka jikoni kwa katibu kiliwekwa mstari wa mbele, na mama mkwe akakikalia. Baada ya wimbo wa pili, mchungaji naye aliomba chake.