Nafasi ya Mtoto Mmoja

Kwenye benchi la kliniki, akina mama wengine walikuwa wakiwashindilia watoto vijiko vya mwisho vya uji kabla ya mizani. Kila mama alitaka wake asomeke vizuri, asije akasemwa. Mama Pacha peke yake alikuwa anamvua wake. Alivua sweta, akavua soksi, akavua hata kofia, kisha akampeleka pembeni na kumpigia mluzi mpaka akakojoa.

"Afadhali," akajisemea, na papo hapo akajichukia.

Mtaa ulishawapa mapacha majina: Kifua, aliyebebwa mbele, na Mgongo, aliyebebwa nyuma. Walizaliwa wamefanana hata mkunga akamfunga mmoja uzi mkononi ili awatofautishe. Sasa, miezi tisa baadaye, hakuna aliyehitaji uzi. Kifua alikuwa na mashavu. Mgongo alikuwa na macho tu.

Baba yao alikwenda kutafuta kazi tangu hawajaota jino, na ilionekana hana haraka ya kuipata. Mama Pacha alifua nguo za watu, akala alichobakiziwa, na maziwa yakamkauka. Kliniki ilitoa unga wa lishe, mfuko mmoja kila wiki, kwa mtoto aliye chini ya mstari mwekundu wa kadi. Wakati ule wote wawili walikuwa chini.

"Fomu ina nafasi ya mtoto mmoja kwa mama mmoja," nesi alimwambia siku ya kuwaandikisha. "Sikuichora mimi, dada."

Mama Pacha akagawanya. Mfuko ukawa hauwatoshi, wakalia wote. Wiki ya nne aliacha kugawanya. Hakulitamka hilo kwa mtu, hata kwake mwenyewe. Unga ukawa wa Kifua. Mgongo akapata maji ya kusuuzia sufuria, yenye rangi ya uji, abaki chini ya mstari ili mfuko uendelee kuja. Hata meno hayajamjaa, tayari ana kazi. Akimnywesha, mama alimgeuza uso ukutani ili yale macho yasimuulize kitu.

"Anayefuata."

Nesi akamtundika Mgongo kwenye mizani. Mshale ukacheza, ukatulia. Akaugonga kwa ukucha, akatia nukta kwenye kadi, akatabasamu.

"Hongera, Mama Pacha. Amevuka."

"Amevuka nini?"

"Mstari, mama. Mnaona, akina mama? Mwenzenu ana wawili na kaweza."

Benchi likapiga makofi. Mmoja akapiga vigelegele.

"Pima tena, nesi. Labda amekunywa maji mengi."

Nesi akacheka. "Wenzako wanalia mtoto akipungua, wewe unamwombea apungue?"

Benchi likacheka pia. Mama Pacha naye akacheka, kwa meno tu.

Nyuma yake alisimama jirani yake, aliyempakata Kifua. Walimwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia asubuhi, mchana imefika mtaa wa pili. Akamsogelea sikioni.

"Ni mimi huyo," akanong'ona, amejaa furaha. "Ukienda kufua si unaniachia wote? Nikamwona huyu anavyofuatisha kijiko cha mwenzake. Nikasema, mtoto anakula kwa macho, haiwezekani. Kila siku nampa kidogo changu. Sikukwambia, nilijua utaona haya. Siri ya kwanza kuitunza tangu nizaliwe, shoga yangu."

Mama Pacha alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kumpigia magoti.

"Ahsante," akasema.

Nesi akagonga muhuri kwenye kadi: AMEHITIMU.

"Na mfuko wa leo?"

"Mfuko ni wa walio chini. Huyu katoka kwenye orodha."

"Akishuka tena?"

"Mlete. Yeye au ndugu yake, yeyote atakayeshuka." Nesi akapunguza sauti, kama anayeomba radhi. "Ila mmoja."

Redio alitangulia kurudi, kwa hiyo kila mlango waliopita kulikuwa na hongera. Mama Pacha aliitikia zote. Ndani, akakung'uta unga uliobaki, ukatoka uji wa kikombe kimoja. Watoto wakafumbua midomo kwa pamoja.

Hakuinua kijiko. Alimshika Kifua kwapani, akamnyanyua, akamning'iniza kitambo, akamweka chini. Akamnyanyua Mgongo. Akarudi kwa Kifua, safari hii amefumba macho, akisikiliza kwa mikono ni yupi mwepesi, yupi atakayewahi kushuka. Kisha Mgongo tena.

Mgongo hakuwa amezoea kuchezewa na mama yake. Akacheka mpaka kwikwi ikamshika, na alipowekwa chini akanyoosha mikono ainuliwe tena.