Sufi ya Bomba

Jiko la kwanza lilipita juu ya kichwa chake, likagonga ukuta wa tanuri, likatawanyika. Mama Majiko hakuangalia vigae. Aliangalia kilichobaki hewani: vumbi jeupe, jepesi, linaelea kwenye jua la alasiri kama lisilo na haraka ya kwenda popote.

"Msivunje!" akapiga kelele. "Jamani, nipigeni mimi, lakini msivunje!"

"Anaionea uchungu bidhaa yake," akasema mwanamke mmoja kule nyuma, na watu wakacheka kicheko kile cha kutafuta ugomvi.

Walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na jiko lake mkononi, masizi yamewapaka mpaka viwiko. Wote aliwajua. Wengine aliwafinyangia jiko lao la kwanza walipoolewa. Na mbele yao alisimama muuza mkaa wa pale njia panda, mtaimbo mkononi, macho mekundu kama aliyetoka kulia au kunywa, au vyote viwili.

Mlango wa nyumba ulikuwa ukipigwa kutoka ndani, du, du, du, hata bawaba zinalalamika.

"Nifungulie, wewe mwanamke wa kaka yangu! Nifungulie, leo namng'ata mtu!"

Huyo alikuwa wifi yake. Mama Majiko alimfungia kwa kufuli aliposikia kelele zinaingia kichochoroni, kisha akasokomeza matambara yaliyolowa chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha. Wifi alidhani amefichwa asipigwe. Hakujua anafichwa ili hewa ya nje isimfikie.

Sasa, mambo yalianza hivi. Marehemu mume wa Mama Majiko alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipokufa, wezi wa vyuma waliyavua mabomba yake yote, wakabeba chuma, wakaacha chini ile sufi nyeupe iliyokuwa imeyazunguka. Mume akaijaza kwenye magunia akaileta nyumbani, kifua mbele kama aliyeokota dhahabu. "Hii kitu haishiki moto," akasema. "Ichanganyeni na udongo, muone." Wakachanganya. Majiko ya wafinyanzi wengine yalipata ufa kabla msimu haujaisha. Ya kwao yalipikiwa mpaka yakasahaulika yalinunuliwa lini. Watu walipouliza siri, yeye na Wifi walicheka tu. Yeye alifinyanga, Wifi alikanda, na kutwa nzima wanataniana.

"Mikono mizito kama mguu wa tembo," Mama Majiko angesema.

"Ndiyo maana kaka yangu alikuoa wewe, alitaka mtu wa kumchekesha."

Mume alikufa kwa kifua. Wakailaumu sigara.

Kisha mwaka huu Wifi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kisicholeta kitu, kinachomwinamisha juu ya udongo anaoukanda. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, akajibiwa, akauliza tena polepole, kisha akatoka nje kupiga simu. Na leo asubuhi akaja Bibi Afya, binti mdogo tu, buti miguuni, barakoa nene usoni. Alichukua kipande cha jiko lililovunjika zamani, akakirushia maji, akakifunga kwenye mfuko.

"Mama yangu, hii mnayoiita sufi inaitwa asbesto," akasema. "Ina nyuzi nyembamba ambazo macho hayazioni. Ukizivuta zinakaa kifuani. Zinaweza kulala humo miaka ishirini, thelathini, umesahau kabisa, ndipo ziamke."

"Na jiko likiwa zima?"

"Zima lina nafuu, ila lisipikiwe tena. Ubaya wenyewe ni kuvunja, kusaga, kufagia kukavu. Ndiyo maana kuna sheria. Halivunjwi. Linaloweshwa, linafungwa kwenye nailoni nzito mara mbili, linawekwa alama ya hatari, na linabebwa na gari lenye kibali peke yake, likafukiwe mahali palipotengwa. Wewe usiguse kitu, usihamishe kitu. Keshokutwa nakuja na watu wenye mavazi ya kazi hiyo, na mtaa nitautangazia mimi mwenyewe, kwa utaratibu. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Lakini keshokutwa aliiona mbali. Kabla ya keshokutwa kuna leo jioni. Aliona majiko yake yamekokwa mtaa mzima, watoto wamechuchumaa kuyazunguka, wanayapuliza. Hakuweza kukaa. Akajifunga kitambaa kichwani akatoka, mlango kwa mlango. "Usipikie tena jiko langu. Lifunike kwa gunia lililolowa, usilivunje, ungoje gari. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyechanganya." Kila mlango alisema hivyo hivyo. Kila mlango walisikia kosa ni lake. Ya gunia na maji na gari, nani alikuwa bado anasikiliza?

Ndiyo maana sasa wako uani kwake.

"Mke wangu nimemzika mwaka huu," muuza mkaa akasema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Wakaniambia kifua. Nikasema sawa, kifua, ni mipango ya Mungu. Kumbe ni mipango yako."

"Huenda ni mimi, baba. Sijui. Huenda ni mimi."

"Huenda?"

"Shika mtaimbo wako, twende nje, unifanye utakavyo. Humu uani usipige kitu. Ukipiga mnavuta wote."

"Mnamsikia?" akawageukia wenzake. "Amewaua wake zetu, sasa anatupangia pa kupiga!"

Akaenda kwenye rundo la majiko mapya lililokuwa kando ya tanuri. Mama Majiko aliwahi. Alijitupa juu yake, akalikumbatia kama mtu anayezuia mwizi asichukue mtoto. Mtaimbo ukashuka. Kama ulimlenga yeye au majiko, hakuna aliyejua, pengine hata mwenye mtaimbo hakujua. Ulitua kwenye mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko, na mkono ukalia kama ukuni mkavu unaovunjika.

Kama vile pigo hilo limewapa ruhusa, umati ukafunguka. Jiko likaruka, na jingine, na jingine. Mtu alimshika nywele akamvuta kutoka kwenye rundo, kitambaa kikamtoka kichwani. Teke lilimpata ubavuni. Kigae kikamchana shavu. Muuza mkaa alikuwa amepanda juu ya rundo lenyewe sasa, anatwanga, anatwanga, na kila pigo lilitoa wingu, na watu walikohoa na kuendelea kutukana katikati ya kukohoa.

"Wifi!" sauti ndani ya nyumba ililia. Haikuwa tena ya matusi. "Wifi, wanakufanya nini? Sema basi! Sema kitu!"

"Ziba dirisha!" akajibu kwa mdomo uliojaa damu. "Ukae chini, uzibe dirisha!"

Alitambaa. Mkono wa kulia ulikuwa unamfuata tu, hauna kazi. Pipa la maji ya kukandia udongo lilikuwa pembeni, limejaa mpaka juu, na siku zote walilisogeza wawili, huku Wifi akilalamika kiuno. Akaliegemea kwa bega. Halikwenda. Akasimama, akaliegemea kwa mgongo, akajisukuma kwa miguu yote miwili mpaka akapiga ukelele ambao hakuutambua kuwa ni wake. Pipa likayumba, likarudi, likayumba tena, likaanguka.

Maji yalifunika ua wote. Wanawake waliruka, wameshika nguo zao magotini. Chini, vigae vikazama kwenye tope, na lile jeupe lililokuwa limetanda ardhini likageuka uji likatulia. Akachota kwa ndoo maji yaliyobaki ndani ya pipa, kwa mkono wa kushoto, akamwaga hewani juu ya tanuri. Akachota tena.

"Amepata wazimu," mtu akasema, lakini akasema akirudi nyuma.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameinua jiko lake tayari kulirusha alibaki amelishika hivyo hivyo, juu ya kichwa. Alitazama maji, akatazama ule mkono unaoning'inia. Kisha akainama, akaliweka jiko lake ndani ya maji, zima, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akafunika pua kwa upindo wa nguo yake akatoka. Wengine wakaanza kusukumana kwenye mlango wa ua.

Muuza mkaa hakutoka. Alishuka kwenye rundo na mtaimbo wake, kifua kinapanda na kushuka. Mtaa mzima haukuwahi kumwona mtu huyu ila mweusi kwa vumbi la mkaa. Sasa nyusi zake zilikuwa nyeupe. Masharubu meupe, kope nyeupe, nywele kama za mzee sana. Alifungua mdomo kutukana, na Mama Majiko akaona lile vumbi kwenye masharubu likitikisika, likivutwa.

Alikiokota kitambaa chake cha kichwa ndani ya maji, akaenda mpaka mbele yake. Mtaimbo ukainuka.

"Uniue baadaye," akamwambia. "Sasa funga mdomo."

"Wewe mwanamke…"

"Funga mdomo, nimesema! Usivute pumzi!"

Na sijui ni ile sauti, ambayo kila mtu aliwahi kusikia kutoka kwa mama yake, au ni kuchoka tu. Mdomo ukafungwa. Mama Majiko akamwekea kitambaa kilicholowa usoni kwa mkono wake mmoja. Alianza na masharubu. Akabana, akashusha, hakusugua. Akafuta puani. Akakikunja kitambaa upande uliokuwa safi, akaenda kwenye jicho la kushoto, na maji yakateremka shingoni kwa yule mwanaume, meupe, kisha meusi.

Ndani ya nyumba Wifi alianza kukohoa, akazuia, akakohoa tena.

Muuza mkaa alisimama na mtaimbo ungali juu, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoifungia, macho yamemtoka, anamtazama.

"Bado," Mama Majiko alimwambia, akageuza kitambaa. "Vumilia, baba. Bado nyusi."