Pindo la Kukopa

Mota ya cherehani ilitoa moshi mwembamba, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Fundi akaitazama, kisha akalitazama lundo la sare zilizokwisha kukatwa, zinazotakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Zikichelewa, wazazi wangehamia kwa fundi mwingine, na msimu huo mmoja ndio ulioishikilia nyumba yake mwaka mzima.

Mtaani walimwita Mama Pindo. Hakuna gauni la mtoto lililotoka mikononi mwake bila pindo nene la kufumuliwa mwenyewe akirefuka. Wengine waliyacheka mapindo hayo. Mwaka uliofuata walirudi kimyakimya, gauni kwapani.

Mumewe, fundi rangi ambaye kazi zilikuwa zimemkaukia, alikuja na jibu mfukoni: karatasi ya matangazo ya benki.

"Kadi ya mkopo, mke wangu. Unanunua mota leo, unalipa baadaye. Ni kama pindo lako tu! Halionekani, lakini siku ya shida unalifumua."

Jamani, mwanamume huyu alijua pa kumshika. Neno hilo lilimkaa fundi moyoni, akaanza hata kuichagua mota yenyewe.

Mchana akaja karani wa benki kuchukua blauzi yake. Fundi akaona asilaze damu.

"Mwanangu, hii kadi yenu, mwezi ukiisha sijamaliza kulipa, kile kinachobaki kinakaaje?"

"Hakikai, mama. Kinakua," karani alisema bila kuzunguka. "Riba inaongezeka kila mwezi. Mwenye mshahara wa uhakika haimsumbui. Lakini wewe pesa yako ni ya msimu. Ningekuwa binti yako, ningekwambia subiri kwanza."

Jioni akamweleza mumewe.

"Pindo ni kitambaa cha mwenye nguo, baba watoto. Hiki ni cha watu. Halafu nguo yenyewe inarefuka, mtoto kabaki palepale!"

Mumewe alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa mimi nikusaidie na nini? Nimekaa tu hapa na mikono yangu."

Ilimuuma fundi kumsikia hivyo. Akaitazama ile mikono, rangi nyeupe imeganda kwenye kucha, na palepale akainama, akavuta kutoka uvunguni cherehani ya marehemu mama yake, ile ya kuzungusha kwa mkono. Aliiacha zamani kwa sababu moja tu: mkono mmoja ukizungusha, kitambaa kinabakiwa na mkono mmoja, na kazi inakwenda mwendo wa kobe.

"Zungusha wewe," alisema. "Mimi nishike kitambaa."

Mwanzoni mume alizungusha kama anayevuta ndoo kisimani. Mshono ukaenda upogo, wakafumua, wakaanza upya. Sketi ya kwanza iliwatoa jasho. Walipofika kwenye pindo la sketi ya tatu, gurudumu na kitambaa vilikuwa vimeshaelewana, na fundi alijikuta ana furaha ambayo hakuitarajia siku hiyo.

"Polepole, kadi yangu," akasema.

"Kadi?"

"Ndiyo. Tena ya nyumbani, haina riba."

"Nani kakwambia haina?" mume akajibu, mkono bado unazunguka. "Subiri mwezi uishe."

Fundi akacheka hadi mshono ukapinda. Safari hii hakuufumua. Ulikuwa ndani ya pindo, na hapo pangeonekana siku mtoto akirefuka.